MJADALA: Scrappy-Doo aliiharibu Scooby-Doo au ndiye aliyeiokoa?

Mleta mada:

Wakuu, heshima kwenu. Binti yangu ana miaka sita. Jumamosi asubuhi tulikaa naye kuangalia katuni za zamani za Scooby-Doo, tukianza na sehemu ya kwanza kabisa, ile ya vazi jeusi la chuma linalotembea lenyewe. Kila lilipotokea alivuta mto usoni, akawa anachungulia kwa jicho moja. Hakuushusha mpaka ilipobainika kwamba ndani ya lile vazi kulikuwa na msimamizi wa jumba la makumbusho. Kisha nikaweka zile zenye kijibwa Scrappy. Zimwi likaja, kijibwa akaruka mbele amekunja ngumi, anataka aachiwe alitwange. Mto ukashuka. Binti akaniuliza, "Baba, mbona huyu haogopi?"

Kwa wasioifahamu vizuri: katuni hii ilianza kurushwa Marekani tarehe 13 Septemba 1969 kupitia kituo cha televisheni cha CBS, ikitengenezwa na kampuni ya Hanna-Barbera. Wabunifu wake ni Joe Ruby na Ken Spears. Miaka ile wazazi wa Kimarekani walikuwa wakilalamikia ngumi na risasi kwenye katuni za Jumamosi asubuhi, kwa hiyo kikatafutwa kitu cha kusisimua kisicho na kipigo. Wakapatikana vijana wanne, Fred, Daphne, Velma na Shaggy, na mbwa mkubwa mwoga, Scooby, wanaozunguka na gari lao kufumbua mafumbo. Zimwi linatisha, ila mwisho wa yote ni binadamu mwenye tamaa ya mali aliyejificha nyuma ya kinyago.

Kufikia 1979 kipindi kilikuwa kimehamia ABC, watazamaji wamepungua, na kituo kinafikiria kukifuta. Dawa iliyotafutwa ni mhusika mpya: Scrappy-Doo, mtoto wa dada yake Scooby. Mpwa wake kabisa. Mwili mdogo, maneno mengi, woga hana.

Msimamo wangu ni kwamba ndipo katuni ilipovunjika mgongo. Iwao Takamoto, aliyemchora Scooby, aliongea na mfugaji wa Great Dane, akaelezwa mbwa bora wa aina hiyo anavyopaswa kuwa, kisha akachora kinyume chake: mgongo umepinda, miguu matege, kidevu kimejikunja. Mbwa yule alizaliwa na kasoro, na utamu wake uko kwenye kasoro hizo. Anaogopa kama mtoto anayemtazama, anakimbia, na katika kukimbia kwake anajikuta amemnasa mhalifu. Ukimweka pembeni yake mtu asiyeogopa, woga wa Scooby unageuka aibu. Scooby wa kwanza tuliogopa naye, Scooby wa baadaye tunamwonea haya.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, kwa heshima zote napinga.

Mimi ni kitinda mimba katika watoto saba. Nyumbani televisheni ilikuwa moja na rimoti haikuwahi kufika mkononi mwangu. Kaka zangu walikuwa wanabishana nani ndiye mhalifu, nami nikitia neno naambiwa ninyamaze, mdogo hajui kitu. Siku Scrappy alipotokea nilisimama juu ya kochi. Mnakumbuka anavyokwapuliwa na mjomba wake? Zimwi liko nyuma, Scooby anatimua mbio naye, miguu midogo bado inapiga hewani kuelekea kwenye hatari, na mdomo haujafungwa. Anabebwa kila mara na hajawahi kukubali kwamba yeye ni wa kubebwa. Mtoto wa mwisho anamwelewa yule hata usipomweleza.

Tuje kwenye kumbukumbu. Msimu ule wa 1979 ulikuwa na sehemu 16. Fred yupo, Daphne yupo, Velma yupo, mafumbo yapo, vinyago vinavuliwa. Watazamaji wakarudi na kipindi hakikufutwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji alipona. Kilichovunja mgongo ni kilichofanyika 1980: Fred, Daphne na Velma wakaondolewa, hadithi zikakatwa kuwa vipande vya dakika saba, na mazimwi mengi yakawa mazimwi ya kweli. Hiyo ilikuwa amri ya watu wazima ofisini. Lawama kabebeshwa mtoto.

Mchangiaji wa pili:

Naunga mkono aliyetangulia, naongeza moja tu. Katika filamu ya 2002, ile ya waigizaji wa kweli, mhalifu mkuu anayefichuliwa mwishoni ni Scrappy. Sisi tuliompenda utotoni tulilipa kiingilio kwenda kumwona akigeuzwa adui wa mjomba wake. Iliniuma, na bado inaniuma. Mmelitia dukani jina la mtoto miaka yote ile, kisha mnamkana mbele ya watu?

Mchangiaji wa tatu:

Mimi niko na mleta mada. Wageni katuni hii imewazoea siku nyingi. Kati ya 1972 na 1973 kulikuwa na mfululizo ambao kila wiki unaleta mgeni: Batman na Robin walifika, timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters ikafika. Wanakula, wanacheka, wanaondoka. Mwaka 1976 akaja Scooby-Dum, ndugu wa ukoo huohuo, akawa anaonekana mara mojamoja, na sijasikia anayemchukia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Scrappy alipewa hati ya nyumba siku aliyoingia, maana jina lake liliwekwa kwenye jina la kipindi kuanzia sehemu yake ya kwanza. Mtazamaji hakupewa nafasi ya kumpenda taratibu.

Mleta mada:

Nimesoma wote, nawashukuru.

Mchangiaji wa kwanza, hapo kwenye 1980 umenishika. Nilirudi kuangalia tena na ni kweli, msimu wa kwanza wa Scrappy una mafumbo. Nakubali nilichanganya miaka, na naondoa kauli ya "ndipo ilipovunjika".

Lakini twende pamoja hatua moja zaidi. Kwa nini watatu wale ndio walioondolewa? Kazi ya Fred ni kupanga mtego. Kazi ya Velma ni kuokota alama ya kiatu, kipande cha karatasi, tone la rangi, na kuviunganisha. Yote hayo yanahitaji muda, na yanahitaji watu waliosita kwanza wakafikiri. Ukishakuwa na kijibwa anayelivamia zimwi dakika ya pili, dakika saba zinatosha kabisa, na Velma anaonekana hana kazi. Sisemi Scrappy aliwafukuza. Nasema kuwepo kwake kulifanya kuwafukuza kuwe rahisi. Daphne alirudi 1983, lakini Velma na Fred walionekana kwa nadra miaka ile, na bila Velma fumbo linakosa mtu wa kulifumbua.

Na tusidanganyane kwamba tatizo ni mazimwi ya kweli. Filamu ya Zombie Island ya 1998 ina wafu wanaotembea kweli, hakuna kinyago, na watu wengi, mimi nikiwemo, tunaipenda sana. Wote watano wamo. Na wanaogopa! Fred anashika kichwa cha mmoja akivute akidhani ni barakoa, kichwa kinang'oka. Mimi mtu mzima nilishtuka. Mwaka 2023 wakaja na Velma, mfululizo wa watu wazima ambamo mbwa mwenyewe hayumo kabisa, na mwaka uliofuata ukasitishwa. Kwa hiyo kuboresha si dhambi. Ongeza mtu, badilisha michoro, peleka hadithi mbele, ila woga wa yule mbwa usiuguse.

Mchangiaji wa nne:

Samahani, nimechelewa kuingia. Mleta mada, mimi ni mama wa wawili na nina swali moja. Umesema mto ulishuka Scrappy alipotokea, ukachukulia kwamba binti amepoteza hamu. Je, aliondoka? Alidai muweke kitu kingine?

Mleta mada:

Dada yangu, umeuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya kuandika.

Hakuondoka. Aliuacha mto kwenye kochi akasogea kukaa chini, karibu kabisa na televisheni. Aliniuliza kama Scrappy ameshaanza shule. Kisha akaomba nirudishe nyuma pale mjomba anapomkwapua na kukimbia naye. Tulirudia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anapiga miguu yake hewani.