Jibini ya milimani Uswisi: nimpeleke mzee Gruyères au L'Etivaz?

MamaZawadi
Wakuu habari zenu, hasa mlioko Uswisi. Wazazi wanakuja mwezi wa saba, sie tupo Lausanne, na mzee wangu kafuga ng'ombe wa zizini huko Machame miaka na miaka kwa hiyo nataka aone jibini inavyotengenezwa kabisa, siyo ile ya supamaketi. Wengine wananiambia twende kijiji cha Gruyères wengine kijiji cha L'Etivaz. Ipi inamfaa mtu anayejua ng'ombe? Halafu mama magoti yanamsumbua, kupanda mlima hawezi.

Kibena
Gruyères ni rahisi, mkishuka kwenye treni kiwanda cha maonyesho kiko mbele ya stesheni. Mnaangalia kupitia vioo, masufuria makubwa ya shaba, mashine zinakoroga. Muende asubuhi. Duara moja la kilo kama 35 linakula lita 400 za maziwa, hapo mzee lazima apige hesabu ya ng'ombe wake!

Mfugaji wa Arumeru
Kwa mzee wa hivyo mi nasema L'Etivaz, tena bila kufikiria mara mbili. Jibini ya huko inatengenezwa kuanzia 10 Mei hadi 10 Oktoba tu, ng'ombe wakiwa malishoni juu, na sheria yao ni moto wa kuni, hakuna gesi. Maziwa ya jioni yanalala kwenye mabeseni mapana, asubuhi wanaengua krimu wanachanganya na yaliyokamuliwa alfajiri, wanapasha mpaka nyuzi kama 32 wanatia renneti ya kugandisha, yakishaganda wanayakata kwa fremu ya nyaya hadi yawe punje ndogo kama ngano, ndo wanachochea moto mpaka nyuzi 57. Hapo muangalie mkono wa mtengenezaji, anachota punje anazifinya kiganjani kisha anazipukusa, akiridhika wanapitisha kitambaa chini kabisa ya sufuria na kuivuta yote juu inachuruzika maji. Maji yenyewe mara nyingi wanapewa nguruwe. Familia za wafugaji wa L'Etivaz zilijitoa kwenye jibini ya Gruyère miaka ya 1930 kwa kuona viwango vinalegezwa, na mpaka leo hawajalegeza.

Mama asikutie wasiwasi, baadhi ya vibanda vya juu wanakotengenezea gari inafika, we ulizia kwanza. Na stoo za kuivishia ziko kijijini kabisa barabarani, basi linatoka Château-d'Œx. Jibini inakaa humo siku 135 au zaidi.

Salma wa Unguja
Samahani naingilia, hiyo renneti ni ya nini? Sie Waislamu twaweza kula?

Mfugaji wa Arumeru
Dada Salma, inatoka tumbo la ndama. Kachinjwaje ndo suala lenyewe, na masheikh hawajakubaliana, kwa hiyo muulize unayemwamini. Ila zipo jibini nyingine zinatumia renneti isiyo ya mnyama, soma lebo.

MamaZawadi
Asanteni sana jamani, basi L'Etivaz. Tufike saa ngapi?

Mfugaji wa Arumeru
Saa moja na nusu asubuhi muwe mmeshafika, mkichelewa mtakuta wanaosha vyombo. Piga simu mapema useme mzee ni mfugaji. Abebe sweta, Julai huko juu asubuhi bado ni baridi. Na pale dukani kijijini ulizieni ile iliyokaa miezi 30, inakuwa kavu wanairanda vipande vyembamba vinajikunja vyenyewe, hiyo ndo ya kumfungia arudi nayo Machame.