Sanduku la bibi: fundi alipige msasa au tuliache?

Mjukuu wa Pangani: Habari za jioni wakuu. Marehemu bibi ametuachia sanduku kubwa la mbao, mbele limepigwa njumu za shaba (misumari ya mapambo), chini lina droo tatu. Limekuwa jeusi kabisa. Fundi anataka kulipiga msasa wa mashine kisha vanishi ya kung'aa. Shangazi hataki liguswe. Nitajuaje kama lina thamani kabla kazi haijaanza?

Fundi Mstaafu: Poleni na msiba. Msimamishe fundi kwanza! Masanduku hayo mengi yalikuja kwa majahazi kutoka Bara Hindi, Surat na Bombay hasa, na ule weusi wa miaka ndio anaoulipia mnunuzi anayejua. Ukishakwanguliwa haurudi.

Chomoa droo zote, uzipindue. Tazama meno ya maungio pembeni: ya mkono hayalingani, moja nene, jingine jembamba, na mara nyingi utaona mstari alioukwaruza seremala kupima. Yakilingana yote, hiyo ni mashine. Kisha tazama mgongo wa sanduku, ambako hakuna aliyejali kulainisha. Mikwaruzo ya upinde ni ya msumeno wa duara, yaani mashine tena. Ndani, ubavuni, huwa kuna kijisanduku chenye kifuniko. Papasa ubao wake taratibu, baadhi huficha vidroo vya siri.

Mwana wa Mji Mkongwe: Asianze kuhesabu hela. Unguja masanduku haya yanatengenezwa hadi leo kwa ajili ya watalii. Chukua sumaku: shaba hainati. Zikinata njumu zote, ni chuma kilichopakwa. Moja mbili zikinata si neno, huenda ziliwahi kubadilishwa.

Dada Amu: Nami nina kiti cha enzi cha mpingo, kina vipande vyeupe. Ni pembe?

Fundi Mstaafu: Dada, tumia kioo cha kukuzia. Vitundu vidogo vyeusi ni mfupa. Mistari inayokatizana kama wavu ni pembe ya ndovu. Ikiwa pembe, usikitoe nje ya nchi kabla ya kuuliza mamlaka ya wanyamapori, maana CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ilipiga marufuku biashara yake ya kimataifa mwaka 1989.

Mjukuu wa Pangani: Sumaku haikunata. Droo mbili meno hayalingani, ya katikati inalingana mno na mbao yake ni nyepesi.

Fundi Mstaafu: Hiyo ilibadilishwa. Bei itashuka kidogo, lakini sanduku linaelekea kuwa la zamani. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, likauke, kisha nta ya nyuki. Dawa ya kung'arishia shaba usiiguse, huacha unga mweupe kwenye mbao. Likadiriwe na watu wawili, na wote wasiwe wanaotaka kulinunua.

Mjukuu wa Pangani: Shukrani sana. Fundi nimemwachia bawaba iliyolegea tu, na parafujo zake za zamani nimemwambia azirudishe zilezile.