Tupeane uzoefu: mtaji wa poka, na kichwa kisichemke ukiliwa

#1
Wakuu, atakayechangia aje na hesabu, "kuwa na nidhamu" tumeshaisikia. Naanza na mtaji. Pesa ya poka ikae peke yake, isichanganyike na ya kodi wala ya ada. Kiingilio cha kawaida mezani, yaani pesa unayokaa nayo, ni blaindi kubwa 100 (blaindi ni dau la lazima kabla ya karata kugawiwa; kuna ndogo na kubwa). Kwa holdemu (poka ya karata mbili mkononi) isiyo na ukomo wa dau, uwe na viingilio 30 kwenda juu. Omaha (ya karata nne mkononi) hupanda na kushuka kwa fujo zaidi, weka 50. Mashindano ya watu mamia ni 100 hadi 200, kwani hata mkali hutoka kapa mara nyingi.

#2
Mkuu hapo juu hajakosea, ila watu wajue hizo namba zinatoka wapi. Chukua mchezaji mzuri, anayeingiza wastani wa blaindi kubwa 5 kila migao 100 (mgao ni raundi moja, tangu karata zigawiwe hadi pesa ichukuliwe). Matokeo ya migao 100 huyumba kwa kiasi cha blaindi 90 juu au chini ya wastani. Ndani ya migao 10,000 anategemea faida ya blaindi 500, lakini kuyumba kumeshafika 900. Maana yake, karibu mara 3 kati ya 10 atakuwa kwenye hasara huku anacheza vizuri tu! Akifikisha migao 100,000, uwezekano huo hushuka hadi kama asilimia 4. Kwa hiyo matokeo ya wiki moja hayakwambii kitu. Na haya yote ni kwa mshindi. Asiyeshinda baada ya kato la meza (sehemu ya pesa anayochukua mwenye meza), hata viingilio 300 vitaisha, vitachelewa tu.

#3
Kushuka meza, yaani kurudi kwenye dau dogo mtaji ukipungua, ndiko kunakowashinda wengi, na ni aibu tu. Andika mipaka kabla hujakaa. Mfano, meza ya blaindi 1/2 (ndogo 1, kubwa 2) kiingilio ni 200: panda ukiwa na 6,000, ikibaki 5,000 rudi kwenye 0.5/1. Huko chini hiyo 5,000 ni viingilio 50, unapumua.

#4
Kuhusu kuchemka, yaani kucheza ovyo kwa uchungu wa kuliwa. Dalili huja kabla ya hasira: unacheza karata unazotupa siku zote, unalipa dau la mwisho "nione tu ana nini", unafungua meza ya ziada ili urudishe haraka. Hapo ondoka. Weka pia kikomo cha kupoteza viingilio 3 kwa siku. Si kwamba karata zina mkosi, ni maamuzi yako yameanza kuoza.

Halafu jueni asilimia, zinapunguza uchungu. A mbili dhidi ya K mbili, pesa zote zikiingia mwanzoni, A hushindwa kama mara 18 kati ya 100. Mwenye kopa nne baada ya karata tatu za mezani, akiziona mbili zilizobaki, huipata kopa ya tano kwa asilimia 35. Hujaonewa.

Migao iliyouma iwekee alama, usiichambue usiku huohuo. Kesho yake ifungue ukiwa umeficha karata zilizofuata baada ya uamuzi wako, ujiulize kama ungeweka pesa tena.

#5
Kwenye #4 naongeza: ukishakopa ili ujaze mtaji, au ukaanza kuficha nyumbani ulichopoteza, viingilio havihusiki tena. Omba akaunti yako ya poka ifungwe kwa miezi, si siku, na umwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo.