Ushauri: mche upi wa ufuta unafaa kuachiwa mbegu?

MwanaHandeni: Wakuu, habari za wakati huu. Nalima ufuta hapa Handeni, na msimu huu nataka kujichagulia mbegu mwenyewe. Nimefunga uzi mwekundu kwenye miche iliyonipita kimo, lakini wasiwasi hauniishi. Je, urefu ndio unaoleta mavuno?

BwanaShambaTanga: Urefu peke yake haujazi gunia. Sifa inayoambatana sana na uzito wa mbegu ni idadi ya vitumba, yaani vifuko vinavyobeba mbegu, kwa mche; urefu na matawi husaidia pale yanapoongeza nafasi za kubebea vitumba hivyo. Hesabu vitumba, tazama kama kila kwapa la jani, pale jani linapoungana na shina, lina kimoja au vitatu, kisha pima mbegu 1,000, ambazo mara nyingi huwa na gramu 2 hadi 4. Miche hiyo imeota wapi shambani?

MzeeWaPangani: Wanangu, mimi naangalia kupasuka. Mwaka jana nilichelewa kukata, vitumba vikafunguka, ufuta ukaishia mchangani. Vijana mnapenda shamba la kwenye simu; amkeni mapema mkague.

BwanaShambaTanga: Shikamoo mzee, ni kweli kabisa. MwanaHandeni, swali langu bado.

MwanaHandeni: Karibu yote imeota palipokuwa zizi la ng'ombe la marehemu baba. Lakini mbegu ni mbegu, na majirani wameshanipa pesa ya kianzio ili niwauzie mbegu hizo, kwa hiyo sioni sababu ya kuiacha miche hii.

Mdadisi: Mjadala huu una walakini. Zizi limejitokeza baada ya kubanwa, na maswali yamepangika mno. Huyu ni mwanafunzi anayetafutiwa majibu ya tasnifu.

MwanaHandeni: Ndugu, nimetoka shambani sasa hivi. Mche mrefu wa zizini una vitumba 64, na vingi vya juu ukivibonyeza havina kitu. Mfupi wa nje ya zizi una 81, vimejaa hadi karibu na ncha. Hata hivyo, ule mrefu bado naupenda.

Mdadisi: Hapo nimekuelewa. Endelea.

BwanaShambaTanga: Samadi ndiyo iliyourefusha, na samadi hairithiwi. Linganisha kila mche na wenzake wa udongo uleule. Ufuta hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, ingawa nyuki huchanganya kidogo, hivyo weka mbegu za kila mche katika mfuko wake, uzipande mstari kwa mstari, mrefu na mfupi, mbali na zizi. Majirani warudishie kianzio kwanza, kwani mbegu ya kuuza ina taratibu zake TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

MwanaHandeni: Kianzio nitazungumza nao. Mifuko naandaa leo.