Kidari cha moshi Kansas City kilikuwa chekundu pembeni. Kilikuwa kibichi?

Neema_Ilemela:
Habari zenu wakuu. Niko Kansas City wiki ya pili sasa, nimekuja kumlea dada yangu aliyejifungua. Jumamosi shemeji akanitoa, akasema huwezi kuondoka mji huu hujaonja nyama yake ya moshi. Tulipanga foleni karibu dakika arobaini. Harufu ya kuni ilitupokea tangu tunaegesha gari, na mimi wa Mwanza nimekua na samaki wa kubanika, kwa hiyo hamu ilikuwa kubwa kweli.

Ikaja sinia imetandikwa karatasi: kidari cha ng'ombe kimekatwa slesi, mkate mweupe, matango ya achari, maharage. Nje nyama nyeusi kama mkaa. Kugeuza kipande, naona utepe mwekundu umezunguka ukingo wote. Nikala mkate na maharage, nyama nikaiacha. Shemeji hakusema neno, akaomba ifungwe tukaondoka nayo. Lakini uso wake niliuona, na hela aliyolipa si ndogo.

Anayejua anisaidie: ilikuwa mbichi? Na nimwambie nini shemeji?

MbuziKwanza:
Pole sana dada. Mimi wa Arusha, na Kwa Mrombo ukiletewa mbuzi ana wekundu unamrudisha jikoni mbele ya watu wote na hakuna anayekasirika. Ungerudisha iongezwe moto.

ZamuYaUsiku:
MbuziKwanza, kwa mbuzi wa mkaa uko sahihi. Hii ni kazi nyingine kabisa. Nina miaka sita kwenye jiko la moshi hapa hapa Kansas City, naingia saa nne usiku natoka asubuhi, kwa hiyo Neema nivumilie niandike kirefu.

Nyama mbichi huwa nyekundu katikati. Wewe umeona wekundu pembeni, na nina hakika katikati ilikuwa ya kahawia. Kuni zikiungua hutoa gesi, na gesi hizo huingia kwenye nyama ikiwa bado ya baridi na majimaji, zikashikana na ile rangi yake nyekundu. Rangi ikishashikwa hivyo haipotei hata upike mpaka kesho. Moshi hauendi mbali, ndiyo maana umeona utepe tu. Huku mteja akiukosa huo utepe anauliza kama tumetumia oveni.

Kuhusu kuiva: nyama ya ng'ombe isiyosagwa huhesabiwa salama ikifika nyuzi 63 za Selsiasi ndani. Sisi kidari tunakitoa kwenye 95 hivi. Kimeiva kupita kiasi, na ndiyo makusudi yenyewe. Kidari ni kifua cha ng'ombe, misuli inayobeba uzito siku nzima, imejaa nyuzinyuzi ngumu. Ukikiweka juu ya mkaa kama mbuzi utatafuna mpaka taya ziume. Kwenye moto wa nyuzi 110 hadi 130, kwa saa kumi na mbili au zaidi, zile nyuzinyuzi huyeyuka zikawa kama supu ya kongoro. Ndiyo ulaini huo.

Kuna kipindi cha usiku ambacho huwa nakipenda na kukiogopa. Kidari kikifika kama nyuzi 70 kinagoma. Kwa muda wa saa mbili, tatu, kipimo hakipandi, kwa sababu nyama inatoa jasho na jasho linaipoza. Mgeni wa kazi huongeza kuni, akaiharibu. Mimi nakaa kwenye kiti changu, naongeza gogo moja la mti wa hikori likihitajika, nasubiri. Asubuhi kidari cha kilo sita kimebaki tatu na nusu. Bei aliyolipa shemeji yako imo humo.

Na huyu mtu naomba mjue jina lake: Henry Perry, Mmarekani mweusi. Mwaka 1908 alikuwa akiwauzia wafanyakazi wa mjini hapa nyama ya moshi, anaifunga kwenye gazeti. Alipofariki 1940 biashara ikashikwa na Charlie Bryant, kisha mdogo wake Arthur, na mgahawa wenye jina la Arthur Bryant bado upo Brooklyn Avenue. Pale ndipo zile ncha za kidari zilizoungua zilikuwa zikiachwa kaunta, mwenye foleni anachukua bure. Leo watu wanazilipia zaidi kuliko slesi zenyewe. Ukirudi, agiza hizo.

UmmuSalma_KC:
Assalaam alaykum. Kaka ZamuYaUsiku, kwa sisi Waislamu hapo pakoje?

ZamuYaUsiku:
Waalaykum salaam dada. Nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Tulipo sisi nyama si ya kuchinjwa kihalali, mbavu na soseji ni za nguruwe, na kisu na ubao ni hivyo hivyo kwa zote. Maharage nayo yana vipande vya nyama ndani, mara nyingi watu hawajui. Nunua kidari kwa bucha wa halali, nitumie ujumbe, nitakuelekeza namna ya kukipika nyumbani na jiko dogo la mkaa. Ni kazi ya siku nzima lakini kinatoka vizuri.

Neema, ile iliyofungwa bado ipo? Usiiweke maikrowevu. Ifunge kwenye foili, tia supu vijiko viwili, oveni moto mdogo, dakika arobaini.

Neema_Ilemela:
Asante sana kaka, Mungu akubariki. Ilikuwa bado kwenye friji, nimefanya kama ulivyosema. Nimesonga ugali, nikakatakata kachumbari, tukala watatu mezani na mtoto amelala. Utepe niliutazama vizuri, kweli katikati ni kahawia. Nikamwambia shemeji, siku ile niliogopa kwa sababu sikujua, naomba unisamehe. Akanisogezea kipande cha mafuta, akasema Jumamosi twende mapema, kabla ncha hazijaisha.