Ukaguzi wa mazingira unakuja: tulete mshauri, tujikague wenyewe au twende ISO 14001?

Msimamizi_Chuma
Wakuu habari zenu. Naomba mawazo ya waliokwisha kupitia hili. Nasimamia uzalishaji kwenye kiwanda kidogo cha samani za chuma, watu kama arobaini hivi. Tunakata, tunachomelea, tunaosha chuma kwenye beseni la dawa ya kutoa grisi halafu tunapuliza rangi. Tumepata barua kwamba wakaguzi wa mazingira watapita robo hii, siku hawajataja. Sasa ofisini tumegawanyika. Bosi anataka tulete kampuni ya ushauri ifanye ukaguzi kamili wa majaribio na kutuandikia ripoti. Mhasibu anasema hela hiyo ni nyingi, tutafute cheklisti tujikague wenyewe. Na kuna kijana wa kitengo cha ubora anasema tuachane na yote hayo twende ISO 14001 (kiwango cha kimataifa cha mfumo wa kusimamia mazingira) moja kwa moja, eti tukishakuwa na cheti hakuna mkaguzi atakayetusumbua. Nikimsikiliza kila mmoja naona ana hoja. Vinavyonikosesha usingizi ni maji ya kuoshea yanayopita kwenye chemba ya kutenganisha mafuta, mapipa ya thina chafu, tanki la dizeli la jenereta, na mafaili, mafaili ndo kabisa. Mngekuwa nyie mngeshika njia ipi?

Mfumo14
Nianze na ISO maana ndo kazi yangu ya kila siku. Naipenda na ningeishauri kwa kiwanda chochote, ila siyo jibu la ukaguzi wa robo hii. Kujenga mfumo mpaka upate cheti ni kazi ya miezi, kwa sababu lazima uwe na rekodi za kuonyesha kwamba mfumo unafanya kazi kweli, siyo kwamba umeandikwa vizuri tu. Na huyo kijana mumweleweshe kwamba cheti hakimzuii mkaguzi wa serikali. Wa cheti anaangalia kama mna utaratibu na mnaufuata, wa serikali anaangalia kama mmevunja sheria au masharti ya kibali chenu cha mazingira, hata ukute wa kwanza amewapongeza jana, wa pili anaweza kuwaandikia faini leo.

Cha kuazima huko ni kifungu cha 9.1.2 cha toleo la 2015, kinachotaka ujipime dhidi ya kila sharti la kisheria linalokuhusu na ubaki na ushahidi. Kichukueni hicho peke yake. Mnatengeneza jedwali kwenye eksel: sharti linasemaje, nani anahusika nalo, ushahidi uko wapi, pengo ni lipi. Na masharti mnayatoa kwenye kibali chenu chenyewe, siyo kwenye cheklisti ya kudownload.

MamaStoo
Kura yangu ni kujikagua. Kiwanda nilichokuwa zamani walileta washauri, wakakaa na meneja ofisini, wakazunguka kidogo, ripoti ikaja nene ila nusu yake ni maelezo ya sheria ambayo ungeweza kuyabandika popote. Hakuna aliyemuuliza kijana wa zamu ya usiku maji ya kudekia anayamwaga wapi! Anayejua pipa gani linavuja na nani anaacha koki wazi ni mtu anayeshinda pale. Kaka yangu, anza na kitu kimoja: chukua ndoo moja ya uchafu wenu, ya thina kwa mfano, ifuate kwa miguu kutoka inapozalishwa mpaka inapotoka getini na karatasi gani inaondoka nayo. Ukifika sehemu hujui inaenda wapi, hapo ndo pengo lako lilipo. Halafu fanya hivyo hivyo kwa maji, kwa oili, kwa matambara yenye rangi, kwa taa za tyubu zilizoungua na betri zilizokufa (hizi mbili husahaulika kila mahali).

SampuliSafi
Dada MamaStoo nakuunga mkono kwa asilimia kubwa ila kuna eneo kujikagua hakutoshi, nalo ni maji. Nimefanya kazi maabara muda mrefu na naumia nikiona watu wanaleta maji kwenye chupa ya soda. Ile pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) inatakiwa ipimwe palepale, mwongozo unaotumika sana unatoa dakika 15 tangu uchote. Sampuli ya mafuta na grisi inachotwa kwenye chupa ya kioo kwa sababu mafuta yananata kwenye ukuta wa plastiki, maabara wakimimina kile kilichobaki unapata namba ndogo ya uongo, unafurahi, mkaguzi akija kuchota yake inatoka nyingine kabisa. Sampuli ya BOD (kipimo cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu ndani ya maji) nayo ihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 6 za Selsiasi kushuka chini na ianze kupimwa ndani ya saa 48, na kipimo chenyewe kinakaa siku 5 kwenye nyuzi 20, kwa hiyo huwezi kuamka wiki ya ukaguzi ukasema unataka majibu kesho.

Kwa hiyo mimi nachagua mchanganyiko. Jikagueni wenyewe vitu vya kuonekana kwa macho, hela mliyonayo ipelekeni kwenye sampuli iliyochotwa na mtu anayejua, ikapimwe kwenye maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha umahiri wa maabara) kwa vipimo hivyohivyo unavyovitaka, na fomu ya makabidhiano ya sampuli ijazwe kila inapobadilisha mikono. Na chota siku ya kazi nyingi, siyo Jumapili beseni likiwa limelala.

MkaguziMstaafu
Nimesoma yote na nashukuru kwa mada hii, watu wengi huuliza baada ya kuandikiwa faini. Nimekagua viwanda miaka mingi, niwaambie tu mkaguzi anafanyaje ili mpime wenyewe njia ipi inawafaa.

Kwanza haanzii ofisini. Anazunguka nje ya uzio, anaangalia maji yanatokea wapi, kuna nyasi zimekufa, udongo umekuwa mweusi, kuna harufu ya thina upande upepo unapoelekea. Akiingia ndani tayari ana maswali.

Pili analinganisha karatasi na karatasi. Ataomba risiti za manunuzi ya thina za mwaka mzima, halafu hati za kampuni inayobeba taka zenu. Mmenunua nyingi, iliyotoka kama taka ni kidogo sana, basi swali linakuja lenyewe: iliyobaki iko wapi? Ipo inayopaa hewani kweli, lakini muwe na hesabu yake, msianze kukisia mbele yake.

Tatu, mapipa. Funeli iliyoachwa imechomekwa kwenye mdomo wa pipa la thina chafu, hiyo nimeiandika mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu pipa la taka hatarishi linatakiwa kuwa limefungwa muda wote isipokuwa unapomimina. Lebo iseme kuna nini ndani na tarehe mlipoanza kulijaza. Na karatasi za usalama za kemikali, zile zenye sehemu 16, ziwe mahali ambapo fundi anazifikia, siyo kabatini kwa meneja aliyesafiri.

Tanki la dizeli: kuta za kuzuia mmwagiko zinatakiwa kubeba ujazo wa tanki na ziada juu yake, kipimo kinachotumika sana ni asilimia 110, yaani tanki la lita 2,000 linataka kizuizi cha lita 2,200. Sasa pimeni kilicho ndani. Mkikuta maji ya mvua yamejaa nusu, kuna matofali na madumu yamehifadhiwa humo, ujazo umeshaliwa. Na angalieni koki ya chini, nikiikuta wazi mimi sijali tena kuta zina urefu gani. Hata tundu la bomba lililopita ukutani bila kuzibwa linaharibu kazi yote.

Kwa hiyo mshauri anafaa, lakini mleteni mwishoni, baada ya nyie kutembea, na mumpe swali dogo linalojulikana. Ukimwita mapema unamlipa akuambie funeli imeachwa kwenye pipa.

Dereva_Boila
Kwenye mafaili mkuu usihangaike sana, zile kurasa za daftari zilizokosekana si mnakaa tu jioni mnajaza? Wengi wanafanya hivyo.

MkaguziMstaafu
Hapana, tafadhali sana mdogo wangu, usimshauri hivyo. Miezi kadhaa yenye wino mmoja, mwandiko mmoja na namba zinazofanana inaonekana ukifungua tu. Kukosa rekodi ni kosa dogo linalorekebishika, kughushi rekodi ni jinai kwenye nchi nyingi na linaweza kumfuata aliyesaini yeye binafsi, siyo kampuni tu. Acha pengo lionekane, andika kwa tarehe ya leo kwamba kuanzia siku fulani hadi fulani vipimo havikuchukuliwa, sababu ni hii, na utaratibu mpya ni huu. Mkaguzi anayekuta pengo lililoelezwa anasonga mbele.

Mfumo14
Msimamizi, swali moja ambalo hujaligusa. Tangu mpewe kibali kuna kitu mmeongeza? Mashine, jenereta, jengo?

Msimamizi_Chuma
Ndio, kibanda cha pili cha kupulizia rangi, na nimekitazama kibali leo, kinataja kimoja tu. Hapo nimechoka kabisa.

Mfumo14
Hilo sasa ndo la kwanza kwenye orodha yako, litangulie hata mapipa. Maana yake moshi wa rangi unaotoka ni zaidi ya ulioombewa, na taka ya thina na vichujio imeongezeka pia. Mtu wa kumlipa ni kwa ajili ya hili, mshauri au mwanasheria anayezijua taratibu za kurekebisha kibali pale mlipo, aandae maombi ya mabadiliko na barua ya kujieleza. Msisubiri wakigundue wao. Marekani kwa mfano, EPA (mamlaka yao ya mazingira) ina sera kwamba ukigundua ukiukaji mwenyewe na kuuripoti kwa maandishi ndani ya siku 21, ukatimiza na masharti mengine, sehemu ya faini inayotokana na uzito wa kosa inaweza kuondolewa, ila lazima ugunduzi uwe wako kabla wao hawajaanza kukagua. Kwenu utaratibu unaweza kuwa mwingine na barua ya ukaguzi mmeshaipata, ndo maana nasema ulizeni wiki hii. Na ripoti ya mshauri ikishaandikwa, kila pengo liwe na jina la mtu na tarehe ya kulimaliza, kwa sababu ripoti inayoonyesha mlijua na hamkufanya kitu inawaumiza kuliko kutokuwa nayo.

SampuliSafi
Niongeze kidogo. Kabla hujachota sampuli hakikisha mitaro inaenda mnakodhani. Mimina maji yenye rangi ya kufuatilia kwenye kila chemba halafu mtu asimame upande wa pili aone inatokea wapi, ila wapeni taarifa wahusika wa mfereji mapema ili rangi isizue taharuki. Michoro ya majengo ya zamani na mabomba halisi haviendani mara nyingi, unaweza kukuta sinki la kuoshea brashi linaenda kwenye mtaro wa mvua.

Msimamizi_Chuma
Asanteni sana wote, mmenifungua. Nimeshaongea na bosi amekubali: wiki hii mshauri wa kibali kwa ajili ya kile kibanda tu, mimi na watu wa zamu zote mbili tunatembea na taka kama alivyosema dada, maabara wanakuja kuchota siku ya oda kubwa. ISO tutaizungumza baadaye, siyo sasa. Bado kimoja kinanitatiza, vichujio vya kibanda vilivyojaa rangi vinahesabiwa taka ya kawaida au hatarishi? Sisi tumekuwa tukivirundika kwenye kona.

MamaStoo
Kwenye kona hapana kaka, viondoe leo hii! Inategemea rangi mnayotumia, ikiwa na kromati (kemikali ya kromiamu) au madini ya risasi basi ni hatarishi, na zile za nitroselulosi (kemikali inayowaka kwa urahisi) vichujio vyake vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe vikirundikana vikavu. Fungua karatasi ya usalama ya kila rangi sehemu ya 13 inayohusu utupaji, na kama haijaeleweka mwandikie muuzaji akujibu kwa maandishi ili jibu lake liingie kwenye faili. Wakati unasubiri, viweke kwenye pipa la chuma lenye maji na mfuniko, ulibandike lebo na tarehe, likae mbali na sehemu ya kuchomelea.