HHC ileile, mara ya kwanza utulivu, mara ya pili hofu: kwa nini?

Muulizaji
Wiki mbili zilizopita nilikula peremende moja yenye HHC, kemikali ya jamii ya bangi inayolevya. Viungo vikalegea na muziki ukanikolea kuliko kawaida. Juzi nikala nyingine ya aina hiyohiyo kutoka paketi mpya, na baada ya saa moja hivi mdomo ukakauka, moyo ukaenda mbio, nikawa nasikia mapigo masikioni. Nilitazama saa ya ukutani nikiamini nimeteseka muda mrefu sana, kumbe zilikuwa zimepita dakika nane. Je, tatizo ni mimi au ni peremende?

Jibu la 1
Pole sana, ndugu. Mimi naishuku paketi. HHC, ambayo mkemia Roger Adams aliitengeneza katika miaka ya 1940, siku hizi hupatikana kwa kuigeuza maabara CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, na kazi hiyo huzaa molekuli pacha: 9R, inayoshika barabara vipokezi vya CB1 ubongoni (sehemu za seli ambako kilevi cha bangi hujishikiza), na 9S, ambayo ni dhaifu. Kwa kuwa uwiano wa pacha hao hubadilika kila inapotengenezwa upya, paketi mbili zinaweza kuandikwa miligramu zilezile na bado zisimfanyie mtu kitu kimoja. Tumbo tupu na usingizi haba navyo huchangia.

Jibu la 2
Nimetumia delta-8, ndugu mwingine wa HHC, ambayo watumiaji wengi huisifu kwamba ni laini kuliko THC ya kawaida, kilevi kikuu cha bangi, na haileti wasiwasi mwingi. Kwangu ilikuwa hivyo, hadi siku niliyoona peremende haipandi nikaongeza ya pili. Kinacholiwa huweza kuchukua dakika 30 hadi saa 2 kabla ya kupanda, hivyo zote mbili zilinipanda kwa pamoja, nikalala sakafuni nimeshika mguu wa meza, nikiogopa kuuachia.

Jibu la 3
Ulaini huo si sifa ya kundi zima. THCP, ndugu mwingine wa THC aliye kwenye bangi, iliyotambuliwa na watafiti wa Italia mwaka 2019, ina mkia wa kaboni saba badala ya tano, na hushika CB1 kwa nguvu kubwa kuliko THC. Ikichanganywa kwenye peremende bila kuandikwa, mlaji hana namna ya kujua. Ndugu muulizaji, hali hiyo ikirudi pamoja na maumivu ya kifua au kuzirai, nenda hospitali mara moja, useme wazi ulichokula.

Muulizaji
Asanteni. Nimeziweka paketi zote mbili mezani. Ya kwanza ina namba ya toleo na miligramu; ya pili imeandikwa HHC tu.